Mifuko Miwili ya Mgonjwa: Kosa ni Kuchanganya Dawa, ao ni Kuficha?

Neno la kuanzia

Katika nyumba nyingi za kwetu Bukavu na pembeni yake, mgonjwa wa siku nyingi yuko na mifuko miwili. Mfuko wa kwanza unatundikwa ukutani, kila mgeni anauona: ndani yake kuna karatasi za hospitali, vidonge, na karatasi ya siku ya kurudi. Mfuko wa pili unakaa chini ya kitanda: ndani yake kuna mizizi, unga wa maganda ya mti, na chupa ndogo ya mafuta. Siku ya kwenda kwa dokta, mfuko wa kwanza unatoka, wa pili unabaki. Siku ya kwenda kwa mganga wa kienyeji, wa pili unatoka, wa kwanza unabaki. Mgonjwa ni mmoja na mwili ni mmoja, lakini mifuko yake haijaonana hata siku moja.

Katika mazungumzo yetu juu ya desturi, swali hili limerudi mara nyingi: je, ni halali mgonjwa kufuata njia mbili? Wengine wanajibu kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Wengine wanasema kwamba wazee wetu walipona kwa majani kabla hospitali haijajengwa. Wengine tena wanasema kwamba mwenye imani hana lazima ya njia hata moja kati ya hizo. Sisi tunaona kwamba swali lenyewe limewekwa vibaya. Tunataka kulijaribu juu ya ugonjwa mmoja ambao tunaujua kwa karibu, ugonjwa wa viungo wenye watu wa kwetu wanauita tu "rimatisimu".

1. Maneno yaliyotupata sisi wenyewe

Tuanze na yale tuliyoyaona kwa macho, kwani hatutaki kuwahubiria wengine juu ya kosa ambalo sisi pia tulilifanya.

Mama mukubwa wetu, dada ya mama yetu, alikuwa mwanamke wa kazi. Alilima mihogo na maharagi, na alisonga bugali ya watu kumi bila kuita musaidizi. Alipokaribia miaka hamsini, mikono ilianza kumsumbua. Alikuwa anatuambia: "Vidole vyangu vinaamukaka vimefunga. Mpaka jua lipande njo vinaanza kufunguka." Vifundo vya vidole vilivimba, mkono wa kuume sawa na wa kushoto, kisha vidole vya miguu, kisha magoti.

Tulifanya yale ambayo kila familia inafanya. Tulinunua vidonge vya maumivu kwenye farmasi ya kona. Tulimwita mama mmoja anayejua kukanda kwa maji ya moto na mawese. Kisha tukamfikia muzee mmoja wa upande wa mashamba, akatupatia mizizi ya kuloweka ndani ya kanyanga, kikombe kidogo asubuhi na kingine magharibi. Wakati huo majirani nao walikuwa wanasema yao: mikono inayopinda hivi si ya bure, iko na mtu nyuma yake. Miaka miwili ikapita.

Mwishoni tulimpeleka hospitali moja ya mji. Damu ikapimwa, mikono ikapigwa picha, na dokta akatoa jina: poliartriti rimatoidi. Akaandika dawa ya metotrekisati, mara moja tu kwa juma, na akaeleza kwamba dawa hii inaomba kuangalia ini. Kisha akauliza:

"Mama, hauko unakunywa pombe ao dawa ya kienyeji?"

"Hapana, dokta. Niko nakunywa tu ile yenye mutanipatia."

Sisi tulikuwa wawili kando yake, wote tumesoma. Tulijua habari ya chupa ya kanyanga. Tukanyamaza. Katika njia ya kurudi tulimwuliza sababu gani alikana. Akajibu: "Kama namwambia, atanikaripia mbele ya watu. Tena pengine ataninyima vidonge." Tukaona jibu lake liko na akili, tukaliacha hapo.

Baada ya miezi kadhaa macho yake yakawa ya manjano. Damu ikaonyesha kwamba ini limeumia. Dokta alihesabu kwa kufuata yale aliyokuwa ameambiwa: mwanamke huyu hanywi pombe, hanywi mizizi, basi kinachomuumiza ni vidonge. Akavisimamisha. Hatuwezi kumlaumu, alifanya kazi kwa ukweli aliopewa. Kumbe, vidonge viliposimama, maumivu yalirudi kwa nguvu, na maumivu yaliporudi kikombe cha kanyanga kikaongezwa. Ulipita karibu mwaka mzima mpaka mukwe wake, bibi ya mtoto wake wa kwanza, alipochoka na kumwambia anfirmie maneno yote. Kanyanga ikaachwa, ini likatulia polepole, na dokta akaanza tena dawa kwa uangalifu. Lakini vidole vilikuwa vimekwisha kupinda. Leo mama mukubwa hawezi kufunga kikwembe chake peke yake.

Hatusemi mzizi ule ulikuwa sumu. Pengine kanyanga peke yake ilitosha, pengine ni vyote pamoja na vidonge. Hakuna mtu aliyeweza kupima, sababu sisi tulimnyima dokta kitu cha kupima.

2. Ugonjwa huu ni wa namna gani

Neno "rimatisimu" kwetu ni kapu kubwa. Ndani tunatia maumivu ya uzee, ya kubeba mizigo mizito, ya baridi ya ziwa, na pia ugonjwa huu. Lakini si kitu kimoja. Goti la muzee aliyepanda milima miaka sitini linauma sababu limetumika. Katika poliartriti rimatoidi kinachotokea ni kingine: nguvu za mwili zenye kazi ya kupigana na vijidudu zinageuka na kushambulia ngozi laini ya ndani ya viungo. Ni kama walinzi wa kijiji wanaoanza kuchoma nyumba za kijiji kilekile. Sisi wa Kivu hatuhitaji maelezo marefu juu ya mfano huo.

Dalili zake zinajulikana: viungo vidogo vya mikono na miguu vinavimba pande zote mbili, na asubuhi vinakuwa vigumu kwa muda mrefu, mara nyingi saa nzima ao zaidi. Kwa hesabu ya OMS, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na karibu 70 kwa kila 100 walikuwa wanawake. Hautoki kwa maji baridi ya kufulia, hautoki kwa bulozi, wala si adhabu. Hauna dawa ya kuumaliza kabisa. Lakini kuna dawa za kuuzuia usiharibu viungo, na dawa hizo zinasaidia zaidi zikianzwa mapema, katika miezi ya kwanza, kwani kiungo kilichokwisha kuliwa hakirudi tena.

Neno hilo la mwisho ndilo linafanya swali letu kuwa la haki na dhambi, si la mapendeleo tu. Kama ugonjwa ungekuwa wa kuuma bila kuharibu, kila mtu angeweza kujaribu njia zake kwa raha. Hapa kila mwezi uliopotea unahesabiwa ndani ya mfupa.

3. Dawa za nyumbani zinafanya nini

Tusidharau mfuko wa pili. Kuna mambo ndani yake yenye faida ya kweli.

Kukanda kwa maji ya moto kunalegeza viungo vilivyofunga. Mgonjwa anaweza kuanza siku yake. Kiungo kilichovimba na kuwa cha moto, hicho kinapenda kitambaa cha maji baridi zaidi. Mkono wa mama anayekanda kwa mawese, polepole, bila kukamua kiungo kilichovimba, unapunguza maumivu na unaondoa upweke. Pilipili nayo: ile nguvu yake ya kuchoma imetengenezwa kuwa pomadi, na inafanya ngozi isipeleke habari ya maumivu kwa muda. Lakini asiipake pale ngozi imepasuka, wala asiguse macho. Mafuta ya samaki yamepimwa mara nyingi, na imeonekana kwamba yanasaidia kidogo kupunguza maumivu na ugumu wa asubuhi. Sambaza wa ziwa Kivu na ndagala wa Tanganyika ni chakula kizuri kwa mgonjwa, ingawa sahani moja ya sambaza si sawa na kipimo kilichotumika katika majaribio hayo. Kutembea na kunyoosha viungo kila siku ni dawa pia, na haiuzwi.

Kuna mengine yenye hatari. Kuchanja kiungo kwa wembe uliokwisha kutumikia mtu mwingine kunaweza kuleta ukimwi na ugonjwa wa ini. Mizizi ndani ya pombe kali ni hatari kwa yule anayekunywa metotrekisati, kama tulivyoona. Na ule unga usio na jina unaouzwa sokoni, wenye kuamsha kiwete kwa siku mbili, inafaa kuuogopa. Katika inchi mbalimbali unga wa namna hiyo ulipopimwa, ndani yake mulikutwa deksametazoni ao prednisoloni, dawa za wazungu zilizosagwa na kufichwa ndani ya majani. Mnunuzi anafikiri amerudi kwa mababu, kumbe amekunywa farmasi bila kipimo.

Tena tusisahau kwamba mfuko wa kwanza ni mtoto wa mfuko wa pili. Msomaji wa Bukavu anaijua miti ya kinkina iliyopandwa katika milima yetu, na kiwanda cha Pharmakina chenye kutoa kinini. Maganda ya mti huo yalikuwa dawa ya watu wa milima ya Amerika ya Kusini kabla hayajafika Ulaya. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa kinini ndani ya maganda hayo. Baadaye zikatengenezwa dawa nyingine za malaria kuchukua nafasi ya kinini. Mwaka 1951 dokta Mwingereza Page aliandika kwamba moja kati ya dawa hizo, mepakrini, iliwasaidia wagonjwa wa lupus, na kwamba viungo vya wengine kati yao vilipata nafuu. Leo idroksiklorokini, ya jamaa ileile, inaandikwa na madokta kwa wagonjwa wa poliartriti. Basi anayecheka maganda ya mti anacheka babu ya kidonge chake.

Lakini tuangalie vizuri safari hiyo iliendaje. Ganda la mti lilifika kuwa kidonge sababu kuna watu walilionyesha na wengine wakalipima, wakaandika yaliyo mema na yaliyo mabaya. Kama lingebaki chini ya kitanda, lisingefika popote.

4. Kutuliza na kuponya

Hapa ndipo tunaona fundo la kwanza la jambo letu. Kwetu mtu akilala vizuri usiku mmoja, familia inasema: "Amepona." Neno "kupona" linabeba mambo mawili: maumivu yametulia, na ugonjwa umesimama. Katika malaria mambo hayo mawili yanatembea pamoja mara nyingi. Katika poliartriti yanaachana. Maumivu yanaweza kutulia huku kiungo kikiendelea kuliwa kimyakimya.

Tusifikiri kwamba kosa hili ni la waganga wa kienyeji peke yao. Mwezi wa 9 mwaka 1948, katika hospitali ya Mayo kule Marekani, dokta Philip Hench alimpiga sindano ya kortizoni mwanamke wa miaka 29 ambaye ugonjwa huu ulikuwa umemfunga. Baada ya siku chache mwanamke huyo alitembea, akaenda kununua vitu mjini. Dunia ilisimama kwa mshangao, na mwaka 1950 Hench alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Kendall na Reichstein. Watu walidhani dawa imepatikana. Kisha ikaonekana kwamba dawa ikiachwa, ugonjwa unarudi. Na ikiendelea kwa kipimo kikubwa, uso unavimba, mifupa inalegea, sukari inapanda, na mwili unakosa nguvu ya kupigana na magonjwa mengine. Hata leo madokta wanaitumia, lakini kwa kipimo kidogo na kwa muda, huku dawa nyingine ikifanya kazi ya kuuzuia ugonjwa wenyewe. Ndiyo dawa ileile ya jamaa inayofichwa ndani ya unga wa sokoni. Mtu akiwa ameikunywa siku nyingi, hapaswi kuiacha kwa gafla, sababu mwili umesahau kujitengenezea yake. Na hilo pia hatalijua kama hajui ndani ya unga kuna nini.

Je, basi kutuliza si kitu? Hapana. Kutuliza ni kazi ya heshima. Mama anayekanda mikono ya mgonjwa saa kumi na moja asubuhi, mbele ya kwenda soko, anafanya tendo ambalo hakuna kidonge kinaweza kulifanya. Anamwambia mgonjwa: mikono yako iliyopinda haituogopeshi, tunaishika. Katika mtaa wenye kushuku bulozi kila mahali, kumshika mikono mwanamke mzee mwenye vidole vilivyopinda ni kumlinda pia. Lakini yule anayetuliza asichukue jina la yule anayezuia. Akisema "nimekutuliza, sasa nenda pia wapimwe damu yako", amefanya haki. Akisema "nimekuponya, tupa vidonge", amemwibia mgonjwa vidole vyake, hata kama hakuchukua hata franka moja.

5. Nani anamfundisha mgonjwa kusema uongo?

Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Walimwona yule anayeficha ugonjwa. Siku hizi tuko na mtu mwingine: haufichi ugonjwa, anaficha dawa. Na hakuzaliwa na tabia hiyo, amefundishwa.

Mwalimu wa kwanza ni mwenye koti jeupe. Si wote, lakini ni wengi wanaouliza "unakunywa dawa ya kienyeji?" kwa sauti ileile ya polisi anayeuliza "umeiba?" Swali la namna hiyo liko na jibu moja tu. Mganga anayemkaripia mgonjwa mbele ya watu sababu ya mizizi yake hajaitoa mizizi ndani ya nyumba ya mgonjwa; ameitoa tu ndani ya karatasi yake. Kesho ataandika dawa akiwa kipofu.

Mwalimu wa pili ni mganga wa kienyeji anayeweka mwiko: "Ukichanganya na ya hospitali, dawa yangu itakufa." Mara nyingine mwiko huo una hekima ndani yake, sababu ni kweli kwamba dawa mbili zinaweza kupigana. Mara nyingine ni woga wa kupoteza mteja. Mgonjwa hana njia ya kutofautisha.

Mwalimu wa tatu ni yule wa chumba cha maombi anayemwomba mgonjwa aache vidonge kusudi aonyeshe imani. Hatupigani na maombi. Sisi wenyewe tunaomba, na tumeona maombi yakimpa mtu nguvu ya kuvumilia. Lakini imani inayohitaji mgonjwa aseme "nimepona" huku hawezi kufunga kifungo cha shati, imemfundisha uongo mbele ya Mungu mwenyewe.

Mwalimu wa nne, tena ni mkubwa kuliko wote, ni sisi wa familia. Mwaka 1978 Mmarekani John Janzen alichapisha kitabu juu ya matunzo ya wagonjwa katika Bas-Zaïre, *The Quest for Therapy in Lower Zaire*. Alionyesha kwamba kwa Wakongo mgonjwa hachagui njia peke yake: ndugu wanakusanyika, wanapima, wanaamua pa kwenda, leo hospitali, kesho kwa nganga. Msomaji wa Kivu hatashangaa, kwani barza zetu zinafanya vilevile. Na sisi tunaona uzuri katika desturi hiyo: ugonjwa wa mmoja unabebwa na wengi. Lakini kama barza inaamua njia mbili, barza ndiyo inapaswa kubeba ukweli wa njia mbili. Haifai wazee kumi waamue pamoja usiku, kisha asubuhi wamwachie mwanamke mgonjwa mzigo wa kudanganya peke yake mbele ya dokta. Hilo njo tulilofanya sisi. Tulikuwa tumekubali wote habari ya kanyanga. Uongo ulipotakiwa, tulimwachia yeye.

6. Siri na uongo

Mtu wa desturi atatuambia: "Munataka kuvunja siri za mababu." Tunamjibu kwa heshima kwamba siri na uongo havina baba mmoja. Siri inamlinda mtu ao kitu. Wazee walificha majina ya mizizi mingine kusudi kijana asiye na mafundisho asiue mtu kwa kipimo kibaya, na kusudi mti usimalizwe na wachuuzi. Siri ya namna hiyo ni ulinzi. Uongo, huo unamtumia mtu: unamfanya aende mahali ambapo asingeenda kama angejua.

Basi tuweke mpaka. Mganga wa kienyeji anayo haki ya kutunza siri ya mahali anachimba, saa anayochimba, na namna alivyorithishwa. Hiyo ni mali yake na ya ukoo wake. Na kama jina la mti linatakiwa na watafiti ao wafanyabiashara, aliseme kwa mapatano, asinyang'anywe. Lakini dawa yake ikiisha kuingia ndani ya mwili wa mgonjwa, kile inachofanya mule si mali ya mganga tena. Mgonjwa anayo haki ya kujua: iko na pombe? Inaharisha? Inaweza kuharibu mimba? Ni kipimo gani, kwa siku ngapi? Muzee anayeweza kujibu maswali hayo bila kukasirika ni fundi wa kweli, hata kama hakutaja mti. Asiyeweza, tumwogope.

Na dokta naye yuko na siri zake zisizofaa. Mara ngapi mgonjwa anapewa metotrekisati bila kuelezwa vizuri kwamba ni mara moja kwa juma, na kwamba kuikunywa kila siku kunaweza kumuua? Mara ngapi mwanamke kijana hajaambiwa kwamba dawa hiyo haipatani na mimba? Kuandika juu ya karatasi kwa mwandiko ambao hakuna anayeweza kuusoma ni kuficha pia.

7. Mtu mwingine atasema

Atasema: "Munaongea hivi sababu muko mjini. Kule ndani hakuna dokta wa viungo, vidonge havipatikani, pesa hakuna." Ni kweli. Katika inchi yetu kubwa madokta wa ugonjwa huu ni wachache sana, na mgonjwa wa milimani anaweza kutembea siku nzima mpaka kituo cha afya kisicho na mashini ya kupima damu. Kwa mtu huyo mfuko wa pili si uasi, ni kile tu kilicho karibu. Hatumhukumu. Tunasema tu kwamba umaskini unaeleza sababu gani anakunywa mizizi. Hauelezi sababu gani anaificha siku ile anapofika mbele ya anfirmie. Tena mkanganyiko wa njia mbili unamdhuru maskini kuliko tajiri, sababu tajiri akikosea atapima damu tena kesho.

Atasema pia: "Munataka dokta awe mkubwa juu ya mganga wetu." Hapana. Tangazo la Alma-Ata la mwaka 1978 lenyewe lilihesabu waganga wa kienyeji kati ya wale wanaoweza kufanya kazi ya afya pamoja na wengine, pale inapohitajika. Kufanya kazi pamoja hakuombi mmoja ampigie mwingine magoti. Kunaomba tu kila mmoja ajue mwenzake ametia nini ndani ya chungu.

Neno la mwisho

Turudi kwa swali la mwanzo. Je, ni kosa mgonjwa kufuata njia mbili? Sisi tunajibu: njia mbili zilimshinda fisi sababu alitaka kuzipita zote kwa mara moja bila kuuliza zinaelekea wapi. Mgonjwa anayekandwa asubuhi na mukwe wake, anayekula sambaza, anayeomba magharibi, na anayekunywa dawa ya hospitali mara moja kwa juma, huyo hajafanya kosa lolote, amejikusanyia misaada. Kosa linaanza pale njia moja inamlazimisha kudanganya kwenye njia nyingine. Na kosa hilo mgonjwa analibeba kidogo. Tunalibeba zaidi sisi wenye kumwogopesha na wenye kunyamaza kando yake.

Tunaomba familia zifanye kitu kimoja kisicho na gharama. Siku ya kwenda hospitali, mifuko yote miwili itoke. Siku ya kwenda kwa muzee, vilevile. Na awepo mtu wa barza wa kusema: "Dokta, ni sisi tuliamua, musimukaripie mama." Madokta nao waulize kwa sauti ya ndugu.

Mama mukubwa alikubali kufanya hivyo safari yake ya mwisho. Aliweka mfuko wa pili juu ya meza, lakini fundo lilimshinda, vidole havikuweza. Dokta alisimama, akalifungua yeye mwenyewe, akatoa mizizi, akainusa, akauliza: "Hii unakunywaka namna gani, mama?" Na mama mukubwa akaanza kumweleza.